Kipatanishi cha Maji na Mafuta

Maji na mafuta ni mahasimu wa tangu na tangu. Yakitikiswa katika chupa moja hukubaliana kwa dakika chache, kisha kila kimoja hurudi mahali pake, mafuta juu na maji chini. Atakaye kuyafanya kitu kimoja hana budi kutafuta wa tatu wa kuyasuluhisha. Wataalamu humwita emulsifaya. Kwa Kiswahili chepesi ni kipatanishi. Vipatanishi ni vingi, na kuvichagua kwataka busara.

Katika Bulwa, penye mashamba ya chai ya Usambara ya Mashariki, jirani na Amani, palikuwa na mama mmoja aliyejifunza jambo hili kwa hasara. Msitu wa huko una mti uitwao msambu. Mbegu zake hutoa mafuta magumu, yenye asidi ya steariki na ya oleiki kwa wingi. Wenyeji waliyapikia tangu zamani, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyakubali kuwa chakula. Mama yule alisema moyoni kuwa mafuta haya, yakipatana na maji, yatafaa nywele zake na ngozi ya mwanawe.

Kwanza alijaribu sabuni. Sabuni hupatanisha, lakini ina ukali wa magadi, nywele zilikakamaa. Pili alinunua behentrimoni methosulfati iliyochanganywa na setili alkoholi, ambayo si kileo bali ni kitu mfano wa nta. Kipatanishi hiki kina chaji chanya, na unywele, hasa uliochakaa, una chaji hasi, basi huvutana. Hata baada ya kusuuza, utando mwembamba hubaki, na kitana hupita bila ugomvi. Sehemu tano katika mia zilimtosha. Alipotia sabuni kidogo ili kuongeza povu, rojo liligeuka madonge, maana chaji mbili zilishikana zenyewe zikaiacha kazi.

Furaha ilimpotosha. Alimpaka mtoto rojo lile lile usoni, likaingia machoni, mtoto akalia usiku kucha. Mama alilia pamoja naye. Tangu siku ile ngozi ya mtoto aliitengenezea dawa nyingine, yenye kipatanishi kisicho na chaji, akaipima kwanza mkononi mwake mwenyewe.

Jaribu kubwa lilikuwa mbele. Alijaza makopo ishirini ili ayauze Muheza apate ada ya shule. Hakutia kihifadhi, akidhani moto wa kupikia umetosha. Lakini penye maji pana uhai, na hewa ya Bulwa ni ya ukungu na mvua. Baada ya majuma mawili madoa meusi yalionekana katika makopo matatu. Jirani alimshauri, "Dada, futa juu, uza. Nani atajua?"

Mama alitazama makopo kumi na saba yaliyoonekana safi, akaikumbuka ada. Kisha alikumbuka macho ya mwanawe. Ukungu huenea kabla haujaonekana. Alichimba shimo nyuma ya nyumba akayamwaga yote ishirini, akaanza upya kwa vyombo vilivyochemshwa na kihifadhi kilichopimwa.

Mwaka ule ada ilichelewa. Maji na mafuta hupatanishwa na kitu kinunuliwacho dukani. Muuzaji na mnunuzi hawana kipatanishi ila uaminifu, nao hupikwa nyumbani.