Taa ya samaki si ya disko!

Leo tuongee habari za taa. Siyo ya ukumbini wala ya barabarani, ni ya kuweka juu ya tangi la samaki chumbani.

Mimi naishi Kabwe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi. Nina tangi la kioo la lita 40. Ndani mna mchanga, magamba ya konokono, samaki wanne wadogo wa ziwa hili hili, na majani marefu kama utepe ambayo wataalamu wanayaita Vallisneria. Jirani yangu mvuvi alipoliona akashika kiuno: "Wee dada, ziwa lote hili halikutoshi mpaka ulaze maji chumbani?" Nikacheka. Migebuka naiona kila siku ikiwa imeshakufa. Hapa namwona samaki mzima akilinda gamba lake kama mwenye nyumba.

Tatizo ni umeme. Nyumbani tunatumia sola, betri moja, na foleni yake ndefu: simu, redio, halafu taa ya mdogo wangu anayejisomea mtihani wa kidato cha nne. Kila ninachowapa samaki kuna mtu namnyima.

Nilipopanda Sumbawanga mjini kununua taa, muuzaji akanitolea za bluu, pinki na zinazomeremeta. "Chukua hii dada, chumba kitakuwa disko!" Nikamwambia, kaka, mimi nalisha majani, sichezi muziki. Nikachukua ya LED, nyeupe, ya wati 5, boksi limeandikwa 6500K. Huo ni mweupe unaokaribia mwanga wa mchana, na majani yanaupenda.

Ndogo? Hapana. Kwa mimea isiyo na makuu, wafugaji wengi hukadiria lumeni 10 mpaka 20 kwa kila lita. LED ya wati 5 hutoa lumeni 400 na ushee, kwa hiyo lita 40 zinapata haki yake. Globu ya zamani ya wati 60 ingetoa 700 hivi, lakini umeme wake mwingi unaishia kuwa joto.

Na usidhani ukizidisha mwanga majani yatanenepa. Jani linataka mwanga, hewa ya ukaa na mbolea, vyote pamoja. Kwenye tangi lisilo na mtungi wa gesi, hewa hiyo ni kidogo. Mwanga unaobaki unaliwa na mwani, na kioo kinageuka kijani. Ndiyo maana sikuliweka tangi dirishani kwenye jua kali.

Nawasha saa nne asubuhi, nazima saa kumi na moja jioni. Saa saba tu, basi. Wakati huo jua liko juu na paneli inachaji, kwa hiyo betri ya usiku haiguswi, ni ya mdogo wangu. Mgeni akija saa mbili usiku anakuta tangi giza, ananuna. Anune tu. Samaki nao wanalala.

Wewe uliyepanga chumba kimoja, anza na taa ndogo. Vumilia wiki tatu. Jani jipya likichipua, usiongeze kitu. Kioo kikianza kuwa kijani, punguza saa moja. Hela iliyobaki nunua chakula cha samaki, au chako.