Niliambiwa Nitupe Paka

Kuna jirani yetu hapa Kebirigo aliniambia nitupe paka. Hakusema kwa ubaya. Alikiangalia kile kitoto cha wiki sita, kijivu kama jivu la jikoni, manyoya yamesimama ovyo, akasema, "Huyo ni mgonjwa. Usipoteze maziwa."

Mimi nilirudi nyumbani Januari, chuo nimeacha, na magokoro ndiye alinipokea bila maswali. Paka wake alizaa watatu Machi, kwa gunia nyuma ya jiko. Wawili walikuwa na mabaka meupe, wakachukuliwa haraka, maana hapa kila mtu ana stoo ya mahindi na kila stoo ina panya. Huyu wa kijivu akabaki. Kusema ukweli, asubuhi moja nilimbeba niende kumwacha kwa kituo cha majani chai, labda mtu atamwokota. Nikafika katikati ya njia, mvua ikaanza, nikarudi naye ndani ya hudi.

Usiku nikaingia kusoma. Manze, hatufundishwi haya mambo! Manyoya ambayo paka anazaliwa nayo si yake ya kudumu. Ni laini, ya kumpa joto tu. Akifika miezi 4 hadi 6 hivi yanaanza kutoka, yale ya ukubwani yanaingia, yanang'aa. Wa manyoya marefu anaweza kungoja mwaka na zaidi. Wengine huzaliwa na mistari hafifu inayopotea kabisa. Hata macho, wote huanza na ya bluu.

Halafu kuna hii ya kijivu. Mama paka akipata homa kali akiwa na mimba, rangi haikai sawasawa kwa manyoya ya watoto. Juu wanatoka kijivu, halafu nywele zinazofuata zinakuja na rangi yao halisi. Nikakumbuka Februari, mama yake alivyolala siku nne bila kula. Nikawasha tochi ya simu, nikampuliza mgongoni manyoya yafunguke.

Mizizi ilikuwa nyeusi tititi.

(By the way, Kenya tuna paka wetu, Sokoke, wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Pwani. Wagiriama humwita khadzonzo. Ana mabaka kama gome la mti, manyoya mafupi, na yale ya ndani ya kuzuia baridi karibu hana. Mlete kwa ukungu wetu wa saa kumi na mbili asubuhi uone kama atatoka jikoni.)

Wangu alianza kubadilika usoni, kisha miguu. Mgongo ulichelewa, kwa muda akakaa kama mtu amevaa sweta iliyopauka. Kufikia Septemba alikuwa mweusi mzima. Sasa kuna wanaosema paka mweusi ni mkosi. Hakuna vile utawapendeza.

Jirani alikuja wiki jana, akamwona juu ya ukuta, akauliza tumetoa wapi paka mzuri hivyo. Akasema akizaa tumwekee mmoja. Ni dume. Sijamwambia.