Tulale Wapi Wakati wa Wimbledon?

Familia inapopanga safari ya kwenda kutazama mashindano makubwa, jambo la kwanza linalozungumzwa ni tiketi ya ndege, na la pili ni tiketi ya kuingilia uwanjani. Swali la kulala huachwa hadi mwisho, na mara nyingi huachiwa mama. "Mama atatafuta mahali," watu husema, kisha wanarudi kwenye mambo yao. Basi, dada mpendwa, makala haya ni yako wewe utakayeachiwa swali hilo.

Mashindano ya tenisi ya Wimbledon huchezwa London, Uingereza, kwa majuma mawili kuanzia mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai. Yalianza mwaka 1877, na wanawake walianza kushindania taji lao mwaka 1884. Kati ya mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, ni haya tu ambayo bado huchezwa juu ya nyasi. Kwetu Kenya, jina la Wimbledon liliingia majumbani mwaka 2022, wakati Angella Okutoyi aliposhinda taji la wasichana wawili wawili akiwa pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Okutoyi na pacha wake walilelewa na nyanya yao baada ya mama yao kufariki. Binti yetu alikuwa na miaka 12 alipoisikia habari hiyo, na tangu siku ile hakutuachia nafasi. Alitaka raketi, kisha mwalimu, kisha akataka kuyaona majani yale kwa macho yake.

Tuliweka akiba kwa miaka miwili, na Julai 2024 tukasafiri. Tulikuwa wanne: mume wangu, binti yetu, mama mkwe wangu mwenye miaka 69, na mimi. Mama alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kusafiri, kwa maana wifi yangu anafanya kazi ya uuguzi katika mji wa Reading, magharibi ya London, na ana mtoto ambaye nyanya yake alikuwa hajamwona.

Kitanda cha bure

Mume wangu aliona swali la kulala limekwisha kabla halijaulizwa. "Tutalipaje hoteli," alisema, "na dada yangu ana nyumba?" Maneno yake yalikuwa ya haki. Kwa wengi wetu, ndugu aliye ughaibuni ndiye hoteli yetu, na kumpita ni kumtukana.

Hata hivyo nilichukua karatasi na kalamu. Kutoka Reading, mtu hupanda treni hadi stesheni ya Paddington, karibu nusu saa, kisha huchukua treni ya chini ya ardhi hadi upande wa Wimbledon. Nauli ya asubuhi, wakati watu wanakwenda kazini, ni kubwa kuliko ya baadaye mchana, na anayetaka kupanga foleni Wimbledon hawezi kungoja nauli ipungue. Nilizidisha nauli hiyo kwa watu wanne na kwa siku mbili tulizotaka kutazama tenisi. Nikaongeza teksi ya usiku kutoka stesheni hadi kwa wifi, kwa sababu ya magoti ya Mama. Nilipomwonyesha mume wangu jumla, alinyamaza kidogo. Hoteli bado ilikuwa ghali zaidi, lakini tofauti haikuwa kubwa kama alivyodhani.

Tukakubaliana hivi: siku zote za safari tutakaa kwa wifi, ila zile mbili za tenisi tutalala London. Wifi hakukasirika. Kwa kweli alishukuru, maana yeye mwenyewe alikuwa na zamu za asubuhi, na watu wanne wanaorudi saa sita usiku katika nyumba yenye mtoto mchanga si mzigo mdogo.

Fuata njia ya treni

Mgeni wengi huangalia ramani na kutafuta kitanda kilicho karibu na uwanja. Wakati wa mashindano, nyumba za jirani na uwanja hupanda bei sana, na nyingine hukodishwa na wachezaji wenyewe. Usihangaike nazo. Mahali panapofaa ni pale ambapo treni moja inakufikisha bila kubadilisha.

Treni ya kukumbuka ni ile ya njia ya District, tawi la Wimbledon. Stesheni ya kushukia ni Southfields, ambayo iko karibu na uwanja kuliko stesheni inayoitwa Wimbledon. Jina hilo huwapoteza wageni wengi. Kutoka Southfields ni mwendo wa kama dakika 15 kwa miguu. Tawi hilo hilo hupitia Paddington, Earl's Court, Fulham Broadway, Putney Bridge na East Putney. Kwa hiyo ukipata chumba safi karibu na mojawapo ya stesheni hizi, umekaribia uwanja hata kama ramani inaonyesha maili kadhaa. Sisi tulichagua Earl's Court, mtaa wenye hoteli ndogo nyingi. Kutoka hapo hadi Southfields ni kama robo saa ndani ya treni.

Kama una watoto wadogo, jua kwamba walio chini ya miaka 11 hupanda treni hizo za chini ya ardhi bure wakiwa na mtu mzima. Wengine wanaweza kulipa kwa kadi ya benki kwa kuigusisha mlangoni. Kila mtu atumie kadi yake, na kadi ile ile kuingia na kutoka.

Wale wasiotaka hoteli wana njia nyingine. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanapokwenda likizo ya kiangazi, vyuo kama London School of Economics hukodisha vyumba vya mabweni kwa wageni. Vyumba hivyo ni vya kawaida na bafu huweza kuwa la pamoja, lakini mara nyingi kuna jiko. Mama anayejua kupika wali na maharage kwa watu wanne ataona faida yake siku ya kwanza tu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Hoteli nyingi ndogo za London ni nyumba za zamani zilizogawanywa vyumba. Ngazi zake ni nyembamba, na nyingi hazina lifti. Nyumba moja ya wageni niliyoiandikia ilinijibu kwa upole kwamba chumba cha familia kipo, na picha yake ilikuwa nzuri. Nilipouliza mara ya pili ndipo nikaambiwa kipo ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Kwa kijana si neno. Kwa mama mwenye magoti yaliyovimba na presha ya damu, ghorofa nne mara mbili kwa siku ni ugonjwa wa kujitakia.

Kwa hiyo uliza haya, na uombe majibu kwa maandishi:

Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na kuna lifti? Bafu liko ndani ya chumba au nje? Kifungua kinywa huanza saa ngapi? Wanaowahi foleni huondoka kabla ya chakula hicho, hivyo usikilipie bure. Je, mtatunziwa mizigo siku ya kufika na ya kuondoka? Uwanjani hawaruhusu mkoba unaozidi sentimita 40 kwa 30 kwa 30, basi sanduku la safari haliwezi kwenda nawe. Na mwisho, nikighairi nitarudishiwa fedha zangu, na hadi tarehe gani?

Hilo la mwisho ndilo kubwa kwetu. Sisi tunahitaji viza ya Uingereza, na ombi la viza ya matembezi haliwezi kupelekwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku ya safari. Vyumba vizuri huchukuliwa mapema kuliko hapo. Ukilipia chumba kisichorudisha fedha, kisha viza ikanyimwa, akiba ya miaka miwili itakuwa imepotea kabla hujafungasha nguo. Chukua chumba kinachoweza kughairiwa, hata kama bei yake imezidi kidogo. Tena usimtumie fedha mtu usiyemjua anayedai ana nyumba karibu na uwanja na anataka kulipwa haraka. Lipa kwa kadi, kupitia kampuni au chuo kinachojulikana.

Usiku ndio mtihani

Tiketi nyingi za Wimbledon hutolewa kwa kura inayofanywa miezi mingi kabla. Asiyepata huko anaweza kupanga foleni siku yenyewe katika bustani ya Wimbledon Park. Kila mtu hupewa kadi yenye namba yake, na huwezi kumpangia mwenzako. Vijana wengi hulala pale ndani ya mahema. Binti yetu aliomba nasi tufanye hivyo. Nilikataa. Usiku wa Julai kule huweza kuwa na baridi kama ya Limuru, na mzee hakupaswa kulala juu ya majani yenye umande.

Tulitoka Earl's Court alfajiri, na kufikia saa moja asubuhi tulikuwa na kadi zetu. Mama alikaa kwenye kiti cha kukunja, ambacho baadaye tulikiacha kwa watunza mizigo. Milango hufunguliwa saa nne. Mwaka ule tiketi ya viwanja vya kawaida ilikuwa pauni 30 siku za mwanzo. Chakula tuliingia nacho wenyewe, jambo ambalo linaruhusiwa.

Mchana mvua ikanyesha. Ni viwanja viwili tu vyenye paa, kile kikuu tangu 2009 na Namba 1 tangu 2019. Kwingine maturubai yalivutwa na watu wakangoja. Mchezo ulipoanza tena, jioni ilikuwa imefika, lakini jua la Julai London huzama baada ya saa tatu usiku. Binti yangu alikuwa amesimama ukingoni mwa kiwanja kidogo, karibu kabisa na wachezaji, hapepesi macho. Mama alikaa kilimani, mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria ukionekana juu ya miti. Alisema kwamba nyanya ya yule msichana wetu lazima alilia sana siku ile ya 2022.

Saa tatu kasoro mume wangu akaniangalia. Kama tungekuwa tunarudi Reading, ingebidi tumwondoe binti pale saa ile ile, mchezo ukiwa katika seti ya mwisho, au tumchoshe Mama hadi usiku wa manane. Hatukulazimika kuchagua kati ya mtoto na mzee. Tulibaki hadi mchezo ukaisha. Tukatembea polepole hadi Southfields, tukashuka kwa lifti, tukapanda treni moja. Saa nne na nusu Mama alikuwa amekunywa vidonge vyake vya presha na amelala. Hapo ndipo mume wangu alipokunja ile karatasi yangu ya hesabu na kuitia mfukoni, bila kusema neno.

Dada, siku utakapoachiwa swali hili, iwe ni Wimbledon au ni mashindano ya shule Nairobi au Dar es Salaam, usianze na bei ya kitanda. Andika kwanza saa ambayo aliye dhaifu kuliko wote katika familia yako anapaswa kuwa amelala. Kisha rudi nyuma kutoka saa hiyo: dakika za kutembea, dakika za treni au matatu, ngazi za kupanda. Vitanda vitakavyobaki kwenye orodha yako vitakuwa vichache. Chagua kilicho nafuu kati ya hivyo.