Maji Tiririka

Mimi ni mzaliwa wa Stesheni, Nachingwea, kata ambayo treni yake ya mwisho iliondoka kabla mama yangu hajazaliwa. Mgeni akiulizia stesheni yenyewe huonyeshwa mikorosho. Reli ililetwa na mpango wa karanga wa Waingereza, ule wa 1947 uliogusa Kongwa, Urambo na sisi huku kusini. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga reli kutoka pwani, na bandari ya Mtwara nayo ikajengwa kwa ajili hiyo hiyo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuma vya reli navyo vikang'olewa. Zikabaki namba za mashamba tu, na mojawapo, Farm 17, likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji chini ya Samora Machel.

Babu yangu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki enzi hizo. Sikuwahi kumsikia akiwacheka Wazungu wale kama wanavyochekwa vitabuni. Alikuwa akisema, "Hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka." Nami nilikua nikiamini injinia ni mtu anayeshuka mahali na ramani yake, anafanya jambo kubwa, kisha anaondoka. Hilo la kuondoka ndilo lililonivutia zaidi.

Nilihitimu uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2016. Wasichana tulikuwa wachache mno darasani. Wawili wakichelewa, mhadhiri alijua bila kuita majina. Nikaingia kampuni moja ya ukandarasi wa maji, huku nikitimiza miaka mitatu ya mafunzo kazini ambayo Bodi ya Usajili wa Wahandisi huidai kwa wahitimu. Kazi ikanirudisha nyumbani, au jirani na nyumbani: Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995.

Anayejua kuchimba visima haingii Ruangwa kwa mbwembwe. Chini kuna mwamba mgumu, na ndani ya mwamba kuna madini ya kinywe yanayowaleta wawekezaji. Mtambo unaweza kushuka mita mia ukarudi na vumbi la kijivu. Ukipata maji, unayapima usiku na mchana: pampu inavuta, wewe unateremsha kamba ya kupimia na kuandika kina kimeshuka kiasi gani, kisha unazima na kuandika kinapanda kwa kasi gani. Nilikuwa mwanamke pekee saiti. Vijana walilala kwenye mahema, mimi nikapangiwa chumba kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kuhusu choo sitasema sana. Wahandisi wa kike wanajua, na wa kiume hawajawahi kuuliza. Wazee wakifika walimpa fundi mchimbaji shikamoo ya heshima, wakidhani ndiye bosi. Yeye aliwaelekeza kwangu kila mara, bila kuchoka: "Injinia ni huyu mama."

Fundi huyo alikuwa mtu wa makamo, hakuwa na cheti chochote. Alikuwa akijua mwamba umebadilika kwa kusikiliza mlio wa mtambo. Nilichojifunza kwake hakikuwamo kwenye daftari langu la mafunzo.

Mwezi Julai 2019 ikaanzishwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na maji ya vijijini yakatoka mikononi mwa halmashauri. Kazi zikaonekana kuja nyingi. Mpango wangu binafsi ulikuwa umekwisha kunyooka: nimalize usajili, niende Delft, Uholanzi, kusoma shahada ya pili ya maji ifikapo Oktoba 2020, nirudi kukaa ofisini Dodoma. Saiti basi. Kulikuwa na mchumba pia katika mpango huo. Huyo nampita, naye alinipita.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake mbunge wetu wa Ruangwa, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule. Ndani ya wiki chache kila mlango wa duka, msikiti, kanisa na zahanati ulikuwa na ndoo yenye koki au kibuyu chirizi. Gari la matangazo likapita vijijini: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni.

Kijiji tulichokuwa tukifanyia kazi kilikuwa na mtaro uliochimbwa, mabomba yaliyolazwa na msingi wa tangi. Hakikuwa na maji. Pampu ya sola ilikuwa imeagizwa China, na China ndiko kulikofungwa kwanza. Akina mama waliendelea kuamka saa kumi za usiku kwenda kusubiri kisima cha kienyeji kijikusanye. Mmoja wao alinisimamisha njiani, ndoo kichwani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama injinia, haya maji tiririka wanayotutangazia, ndiyo yale ya kwako?"

Nilimjibu kwamba yako njiani. Kila nililoandika baada ya hapo, kila barua ya kuulizia mzigo bandarini, niliiandika nikimsikia yeye.

Ndege za kimataifa zikasitishwa Aprili. Delft wakaniruhusu kuahirisha mwaka mmoja. Kampuni ikatulipa nusu mshahara, baadaye ikawa ahadi. Halafu, tarehe 29 Aprili, zikatolewa takwimu za wagonjwa 480 na vifo 16, na baada ya hapo Bara haikutangaza tena. Rais Magufuli akasema tumwombe Mungu na tuchape kazi. Nakiri, kutofungiwa ndani kuliwaokoa vibarua wangu: mtu anayelipwa jioni hawezi kukaa nyumbani wiki mbili. Rafiki zangu waliokuwa Ulaya waliniambia nina bahati, na kwa hilo walikuwa sahihi. Lakini mimi kazi yangu ni vipimo. Kisima nisichojua kina chake hakinipi usingizi, na sasa nchi nzima ilikuwa hivyo. Sikujua niogope kiasi gani. Nilikuwa naamka usiku kusikiliza kifua changu kama fundi anavyosikiliza mtambo. Chakula kikawa hakipiti. Mchana nilikuwa mkali kwa vijana, jambo ambalo halikuwa tabia yangu.

Neno msongo wa mawazo nililijua. Kulitumia kwa nafsi yangu ndiko kulikonishinda. Huku kwetu ukisema akili imechoka, mtu wa pembeni anataja Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na kuanzia hapo kila unachosema kinapimwa upya. Mwanamke ambaye kila siku anathibitisha kwamba anaweza kusimamia mtambo hawezi kuwapa watu zawadi hiyo.

Kazi iliposimama nikarudi Stesheni kwa bibi. Alinitazama nilivyoshuka kwenye bodaboda, akaagiza sufuria. Nyungu yake ya kujifukiza ilikuwa ya mwarobaini, mchaichai, majani ya mlimao na mkaratusi. Nikamwambia siumwi kifua.

"Sikukuuliza kifua, mke mwenzangu," alisema. "Ingia."

Akanifunika blanketi. Nikiwa mle ndani, jasho likinitoka, nikamsikia kwa nje: "Kama una la kulia, lilie humo humo. Ukitoka uso umelowa hakuna atakayeuliza."

Nililia sana. Sina maoni ya kitaalamu juu ya nyungu na virusi. Waganga na madaktari walibishana vya kutosha. Najua kwamba kwa miezi kadhaa lile blanketi lilikuwa mahali pekee Nachingwea ambapo niliruhusiwa kutokuwa injinia. Wanawake wa jirani nao wakawa wanakuja jioni kwa bibi, kila mmoja na zamu yake, na waliotoka wote walikuwa na macho mekundu. Baada ya nyungu tulikaa mkekani tukinywa chai ya tangawizi, tukazungumza. Korosho zilivyolipwa, waume walio Dar es Salaam wasiotuma kitu, watoto waliozoea kukaa bila shule, wasichana wawili mtaani waliopata mimba kabla shule hazijafunguliwa Juni. Hakuna aliyesema ana msongo. Walisema, "Moyo hautulii."

Mwaka 2021, nikiwa nimesharudi saiti, ulianza vibaya. Vilio vikafuatana, na maelezo yalikuwa yale yale: changamoto ya upumuaji. Ruangwa watu walikuwa wakisema korona haipo, mpaka Namungo ilipokwenda Luanda mwezi Februari kucheza na Primeiro de Agosto. Timu ya kwetu ikawekwa karantini, baadhi ya wachezaji wakatajwa kuwa na maambukizi, mechi ikavunjika. Saiti ilibishana siku nzima: ugonjwa usiokuwepo umewezaje kuwafungia vijana wetu hotelini? Mechi zote mbili zikahamishiwa Dar es Salaam, Namungo wakashinda ya kwanza 6-2 na hatimaye wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho. Tulishangilia, na ubishi ukaishia hapo.

Tarehe 17 Februari wakafariki siku moja Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, na Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi Mhandisi John Kijazi. Huyo wa pili nilikuwa nikimtaja kwa wazazi wangu kama mfano wa mbali injinia anakoweza kufika. Wiki hizo hizo fundi wangu mchimbaji akafa kwao, baada ya kuhangaika na pumzi kwa siku chache. Hakupimwa. Nilikwenda mazishini, nikatambulishwa kwa mkewe, naye akanishika mikono yote miwili: "Wewe ndiye yule mama injinia." Mwezi uliofuata, tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kifo cha Rais Magufuli.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda hospitali. Nilichagua ya mbali, kwa sababu ile ile ya Mirembe. Muuguzi mwanamke aliniuliza maswali ya kawaida, kisha akaniuliza nalala na nani nyumbani, nakula na nani, nani ananipigia simu kuniuliza habari isiyokuwa ya kazi. Sikuwa na majibu ya kujivunia. Hakunipa dawa siku hiyo. Alinipangia kurudi, nikarudi, na usingizi ukarejea taratibu.

Pampu ilikuwa imekwisha kufika. Tuliifunga, maji yakapanda tangini, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikaandika ripoti ya kukabidhi. Miezi michache baadaye nilipita pale nikakuta koki kavu. Kifaa kidogo cha mfumo wa umeme wa sola kilikuwa kimeungua. Fedha za ndoo zilikuwepo kwenye akaunti ya chombo cha watumia maji, ila hapakuwa na mtu wilayani aliyejua kukibadilisha, na wote walikuwa wakisubiri fundi kutoka Dar es Salaam. Nilikitengeneza mwenyewe. Usiku ule nikawaandikia Delft kwamba siji. Sikuwa na uchungu. Shahada ile inafundisha mambo mazuri, lakini pale kijijini nilikuwa nimeona kazi ambayo mtu haifanyi akiwa ameshaondoka.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani. Bibi akachanja kabla yangu, akanicheka mimi niliyeogopa sindano. Oktoba ukazinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao kila mtu aliuita fedha za UVIKO. Ukajenga madarasa 15,000 nchini, kila moja kwa milioni 20, na yalitakiwa yaishe kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nilipata kibarua cha kusimamia baadhi. Tulimwaga zege usiku kwa taa za pikipiki. Madarasa yalisimama na watoto wakaingia. Hata hivyo nilimkumbuka babu kila tulipomwagilia zege ambalo tungelipa siku zaidi kama tungekuwa nazo. Fedha hizo hizo zilinunua mitambo 25 ya kuchimba visima, na wakandarasi wadogo kama waliokuwa wakiniajiri wakaona soko linabana. Kwa wananchi lilikuwa jambo jema, sina ubishi nalo.

Mimi siku hizi niko Ruangwa mjini. Nina karakana ndogo ya kutengeneza pampu na mifumo ya sola kwa vyombo vya watumia maji vya Ruangwa na Nachingwea, pamoja na wasichana waliotoka chuo cha ufundi cha VETA. Mapato ni ya kupanda na kushuka kama bei ya ufuta. Mradi mkubwa wa kutoa maji Nyangao kuja wilaya zetu hizi mbili utazidisha mabomba, matangi na mita, na vyote vitahitaji mtu aliye karibu. Usajili wa uhandisi niliukamilisha. Mipango yangu sasa naiandika kwa msimu, wa korosho hadi wa korosho.

Kwa binti mhandisi ambaye barua yake ya ajira imeandikwa Lindi, mkoa wetu huu: njoo. Kabla ya kupanda basi uliza choo cha saiti kiko wapi na nani atalala nyumba moja na wewe. Na ninyi mnaowapangia mabinti hawa vituo, mkiwapigia simu kuuliza mita ngapi zimechimbwa, ulizeni pia wamelalaje.