Kampuni Mbili za Intaneti, Funguo kwa Mtu Mmoja: Kisa cha Magema wa Dar

Jina kapuni, ila magema wengi wa Dar wanamjua. Ndiye aliyeanzisha seva ya Minecraft ambapo vijana wa Sinza, Mbagala hadi Kigamboni hukutana kila Ijumaa usiku, wengine hawajawahi hata kuonana ana kwa ana. Ligi ina mchango wa kila mwezi, ina mshindi na zawadi, na ina dada mmoja mweka hazina ambaye hela yake haitoki kizembe.

Shida ilikuwa moja: seva ilitegemea kampuni moja tu ya intaneti. Kampuni ikiyumba, gemu linaganda, grupu la WhatsApp linawaka matusi. Na kuhama haikuwa rahisi, maana anwani ya seva, ile IP, ilikuwa mali ya kampuni. Ukihama unaiacha, kama mpangaji anavyoacha namba ya nyumba.

Halafu ikaja Jumapili ya 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Seva ilikuwa Dar, wachezaji wako Dar, lakini kuingia kwenye akaunti ya gemu lazima kuulizie nje ya nchi. Watu wakabaki wanaangalia skrini. Wengine walihamia gemu za kwenye simu na hawakurudi tena.

Hapo jamaa akaja na wazo. Kikundi kisajiliwe rasmi, kiombe AFRINIC, taasisi ya Mauritius inayogawa anwani za intaneti Afrika, kipewe namba yake ya mtandao na anwani zake 256. Kwa nini 256? Kwa sababu fungu dogo kuliko hapo mitandao mingine duniani hailipokei. Kisha wachukue kampuni mbili kwa pamoja, na ruta yao izungumze na zote mbili kwa BGP, lugha ambayo mitandao hutumia kuambiana njia.

Kwa asiyeelewa: tangu 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao wa simu na kubaki na namba ile ile. Hii inafanana na hiyo, ila hapa upo kwenye mitandao miwili kwa wakati mmoja na namba ni moja. Mmoja ukizima, watu wanakufikia kupitia mwingine.

Dada mweka hazina alikaza. Hela hiyo ni zawadi za washindi, alisema. Alipokubali, aliuliza swali ambalo hata jamaa hakuwa amelifikiria: hizo kampuni mbili zinatoka nje kwa mkongo upi? Kumbe zote zilikuwa zinapita mle mle. Kampuni mbili, ankara mbili, kifo kimoja. Ikabidi watafute nyingine inayopitia nchi kavu hadi Mombasa, ambako kuna mkongo wa TEAMS unaokwenda Fujairah bila kuzunguka kusini. Wakajiunga pia na TIX, kituo cha Dar ambapo mitandao ya ndani hukutana, ili data ya mtu wa Mbagala isizunguke mbali kabla ya kufika Kigamboni.

Usiku wa kuhama walijaribu kuchomoa waya mmoja gemu likiendelea. Likaganda kidogo, likarudi. Grupu lilishangilia kama Simba au Yanga imefunga.

Miezi michache baadaye jamaa na dada wakakorofishana kuhusu zawadi. Saa sita usiku jamaa akatupia grupuni: "Nikitaka nazima yote."

Na kweli angeweza. Kikundi kilikuwa kimesajiliwa, lakini akaunti ya AFRINIC ilikuwa kwa barua pepe yake. Nywila za ruta alikuwa nazo yeye. Hata mafundi wa kampuni zote mbili walikuwa na namba yake tu.

Dada hakutukana. Alijibu mistari miwili: "Tulitoa hela asiwepo mmoja wa kutuzima. Sasa huyo mmoja ni wewe."

Grupu likapoa siku tatu. Kuna waliomtetea, maana kweli alikesha, alisoma peke yake, na posho hakuwahi kuomba. Lakini wengine walikumbusha 4 Oktoba 2021, Facebook ilipojifuta yenyewe kwenye intaneti kwa karibu saa sita baada ya kazi ya matengenezo kwenda kombo. Kosa la ndani halihitaji ubaya. Akiugua malaria je? Akipoteza simu je?

Siku ya nne alirudi. Hakuomba radhi, alituma tu faili la maelekezo, hatua kwa hatua, na kuomba watu wawili wafike wabadilishe nywila pamoja naye. Dada alikuwa mmoja wao. Sasa funguo ziko kwa watu watatu na barua pepe ni ya kikundi. Wanaosema wanajua wanadai wawili hao bado hawasalimiani vizuri, ila Ijumaa wote wapo hewani.

Mdau, grupu lenu la gemu, la harusi au la kikoba, nywila anayo nani? Na akizima simu leo, itakuwaje? Dondosha maoni yako hapo chini.