Ramani Mkononi, Kiu Kooni

Jamani, mtu akikwambia "nina ramani, wenyeji wa nini?", mkimbie! Mimi na mshikaji wangu tulikuwa hivyo hivyo tulipotoka Nairobi kwenda Ziwa Turkana.

Ramani zilikuwa mbili. Moja ya marehemu baba yake, imeandikwa "Ziwa Rudolf", jina lililoachwa mwaka 1975. Nyingine ya kwenye simu. Hadi Marsabit hatukuwa na shida: lami tupu, kama kilomita 260 toka Isiolo. Tukajiona wajanja.

Mbele ya Marsabit simu ikakosa mtandao, ramani ikafutika. Ile ya baba ilionyesha njia imenyooka, inakatiza jangwa la Chalbi. Kumbe Chalbi zamani ilikuwa ziwa, na mvua ikinyesha inageuka tope! Gari likazama hadi ekseli. Maji ya kunywa yamebaki lita tatu. Mshikaji kimya, mimi kimya.

Wachunga ngamia wa Kigabra ndio waliotuvuta jioni. Mzee mmoja akaitazama karatasi yetu, akacheka: "Wanangu, hii haijui kama jana ilinyesha."

Basi sikia. Ramani ya karatasi, angalia mwaka iliochapwa. Ya simu, ipakue mapema. Na ukifika Marsabit tafuta mwenyeji, patana naye bei, mpe kiti cha mbele.

Yule mzee tulikwenda naye hadi Loiyangalani. Ramani ya baba sasa imetundikwa sebuleni. Hapo haimpotezi mtu.