Umeambiwa na Nani?

Tawasifu hii haina "mimi". Anayesimuliwa ndiye anayeandika, lakini miaka ya kusomea uanahabari na mingine ya kuufanya imemzoesha kujitoa katika habari, na tabia hiyo haimwachi hata zamu inapokuwa yake. Basi aitwe ripota, yatosha.

Ripota amezaliwa na kukulia Mautuma, eneobunge la Lugari, upande wa kaunti ya Kakamega unaopakana na Uasin Gishu. Ni nchi ya mahindi. Babu yake alihamia huko kutoka Maragoli baada ya uhuru, pale mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu yalipokatwakatwa na kugawiwa Waafrika kwa mikopo ya serikali. Maragoli kulikuwa kumejaa. Huku kulikuwa na ekari. Familia za namna hiyo zilitoka pande mbalimbali za Magharibi, kwa hivyo jirani yako huenda haongei lugha ya nyumbani kwenu, na habari ikivuka ua huvuka kwa Kiswahili.

Na huvuka upesi. Mtu akifariki mjini Turbo alfajiri, kufikia saa nne waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga Mautuma wanajua aliugua nini, nani alimpeleka hospitali na ameacha deni la nani. Kisichojulikana ni aliyeileta habari yenyewe. Uliza, utajibiwa: "Wanasema." Ripota alilelewa na hiyo "wanasema" na hakuona ubaya wake hadi Januari 2008.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika mpakani mwa Lugari na Uasin Gishu mapema. Tarehe 30 Desemba serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na pengo hilo likajazwa na simu za mkono. "Wanasema wanakuja usiku." Nani anasema? Wanatoka wapi, nao ni wangapi? Hakuna aliyeuliza, watu walibeba magodoro wakaenda kulala penye umati. Kuna usiku ambao washambuliaji walikuja kweli. Usiku mwingine hawakuja, na waliokimbia wakarudi asubuhi kukuta kuku hawapo, wamebebwa na watu wa papo hapo. Ripota alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na hadi leo anawakumbuka hao kuku kuliko mengi aliyoyasoma baadaye kuhusu mwezi ule.

Mwaka 2016 aliitwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, kusomea uanahabari na mawasiliano ya umma. Guga, babu yake, alikuwa ameomba Mungu uwe ualimu, kwa sababu mwalimu hulipwa na TSC, tume ya walimu, na anaweza kukopa kwenye sako. Mwanahabari analipwa na nani? Swali halali, na jibu lake litafika. Chuo chenyewe kilianza 1972 kikiitwa WECO, kikapanda daraja hadi kuwa chuo kikuu kamili 2007, nacho kiko kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Kutoka Mautuma ni bodaboda hadi barabara kuu, matatu hadi Webuye, nyingine kupitia Malava, na mfuko wa unga magotini safari nzima, maana pesa za mkopo huisha mtaani Kefinco kabla ya muhula kufika katikati.

Nadharia za mawasiliano zilipita kama mvua ya Julai, nyingi na kila mtu amejikunyata. Somo lililomshika ni uandishi wa habari. Mhadhiri alikuwa ripota wa zamani wa gazeti, mtu wa kuvaa koti moja na kutembea na kalamu nyekundu. Aliandika ubaoni yale maswali sita ambayo kila anayesomea kazi hii huyajua: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Akawaeleza kwa nini jambo kuu hutangulia: mhariri akikosa nafasi ukurasani hukata kuanzia mkiani, na hana muda wa kutafuta ulikoficha kiini. Kisha akawatuma nje ya lango wakalete habari. Walipozirudishiwa, karatasi za darasa zima zilikuwa na wino uleule pembeni. Wakazi wamelalamika: wakazi gani? Inadaiwa: anadai nani? Imebainika: imembainikia nani?

Mfano alioupenda ulikuwa wa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Tarehe 1 Agosti 1982 waasi wa Jeshi la Anga walimpeleka redio ya taifa, Sauti ya Kenya, na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Nchi nzima iliijua sauti ile, ndiyo iliyowauliza wasikilizaji, miaka nenda miaka rudi, "Je, Huu ni Ungwana?" Kwa saa kadhaa wengi waliamini, maana aliyesema ni Mbotela. Lakini aliyesema hakuwa Mbotela. Walikuwa watu wenye bunduki, naye alikuwa mdomo tu. Mhadhiri alitaka wanafunzi wake waizoee tofauti hiyo: anayeonekana akisema, na yule ambaye maneno ni yake.

Mfano wa pili ulikuwa wa karibu zaidi. Miezi michache kabla ripota hajaingia chuoni, tarehe 5 Aprili 2016, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilisitisha kesi ya William Ruto na Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM aliyeshtakiwa kwamba alitumia kipindi chake kuchangia ghasia za 2007 na 2008. Majaji wawili kati ya watatu waliona ushahidi hautoshi. Kwa wanafunzi waliotoka mbali hayo yalikuwa mambo ya vitabuni. Kwa mtu wa Mautuma, Eldoret iliyotajwa kwenye mashtaka hayo ni mji wa kwenda kununulia viatu vya shule. Ubishi ulipopamba moto darasani, wengine wakimhukumu mtangazaji na wengine wakimtetea, mhadhiri aliuliza swali moja. Nani kati yenu amekisikia kipindi chenyewe, na kati ya waliokisikia, nani anaelewa Kikalenjin? Darasa lilitulia. Ripota anadai, na hapa anajitia kidogo kwenye habari, kwamba dakika hiyo ilimfaa kuliko muhula mzima wa sheria za vyombo vya habari.

Kazi yake ya kwanza iliyosomwa nje ya darasa ilikuwa ya mahindi. Mwishoni mwa 2018 serikali ilitangaza kwamba Bodi ya Nafaka na Mazao itanunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300, kutoka 3,200 za mwaka uliotangulia. Kelele za wakulima zilifanya bei hiyo ipandishwe hadi 2,500 mapema 2019. Vyombo vya Nairobi viliripoti waziri alivyosema na wabunge walivyojibu. Ripota alikuwa likizoni, akaenda kusimama mahali ambapo gunia linabadilisha mwenyewe.

Mizani ilikuwa ya kuning'inia, imefungwa kwenye tawi la mkaratusi. Vijana wawili wanalinyanyua gunia, ndoano inashika, mshale unayumba, na dalali anataja kilo kwa sauti kubwa kabla mshale haujatulia. Mama mmoja aliyeuza magunia yake alikuwa ameketi kwenye mzizi, kiganja kimefumbwa.

"Mama, umeuza ngapi kwa gunia?"

"Ameniandikia hapa, mwanangu." Akafumbua kiganja. Kipande cha pakiti ya sigara, namba moja kwa penseli, bila jina wala tarehe.

"Na kilo?"

"Kilo anajua mwenye mizani."

Jibu hilo lilistahili kuwa kichwa cha habari, na likawa. Ila kabla ya hapo ripota alilazimika kumuuliza dalali naye, aliyesema nauli ya lori na mahindi yasiyokauka vimemlia faida, na kwenda kwenye ghala la Bodi kuona kipimo cha unyevu kinavyotumika: mahindi yanayozidi asilimia 13.5 hurudishwa yakaanikwe. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mkulima mdogo humkimbilia dalali hata bei yake ikiwa mbovu. Dalali hununua mahindi mabichi, hulipa papo hapo, na karo ya Januari haingoji jua.

Mafunzo ya nyanjani aliyafanya 2019 kwenye redio moja ya Magharibi, akatupwa mahakamani, anakotupwa kila mgeni. Huko alijifunza adabu ya maneno. Aliyekamatwa ni mshukiwa, akisomewa mashtaka anakuwa mshtakiwa, na mwizi hayupo hadi hakimu aseme yupo. Mtoto hatajwi jina. Aliyebakwa hatajwi wala kuelezwa kiasi cha kutambulika na watu wa kijijini kwake. Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilisema hivyo, lakini ni mhariri wa taarifa ya saa saba mchana aliyezitia kichwani mwa ripota, kwa kufuta.

Halafu ikaja Jumatatu ya 3 Februari 2020. Jioni, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega wakishuka ngazi kwenda nyumbani, mkanyagano ukatokea. Ripota alikuwa mwaka wa nne na aliendelea kuiandikia redio ile. Alipofika hospitali kuu ya kaunti, lango lilikuwa limefurika wazazi. Kwenye WhatsApp kila kundi lilikuwa na idadi yake ya waliofariki, na kila mtu alikuwa na kisa cha kilichowafanya watoto wakimbie. Visa vyote vilianza na neno alilolijua tangu utotoni.

Idadi rasmi ya kwanza ilikuwa 13. Baadaye ikawa 14. Msikilizaji akisikia hivyo hudhani mmoja kati ya wawili amedanganya, kumbe ni nyakati mbili tofauti, ndiyo sababu taarifa zote za ripota zilitaja saa na zikamtaja aliyesema. Kisa cha mbio hakukituma, kwa kuwa hakuna aliyekiona aliyekubali kukisema kwa jina lake. Mama mmoja alimshika mkono akamuuliza kama mtoto wake yuko kwenye orodha. Ripota hakuwa na orodha. Angekuwa nayo asingeisoma langoni.

Mwezi uliofuata korona ilifunga vyuo, na mwanafunzi akarudi Mautuma na kadi yake ya uanahabari, iliyomruhusu kuwa barabarani baada ya saa moja usiku wakati wa kafyu. Uvumi nao haukuwa na kafyu. Ulienea Magharibi kwamba mtoto mchanga amezaliwa akasema, na kwamba agizo lake ni watu wanywe chai ya rangi usiku huohuo, ndiyo kinga. Guga aliamsha nyumba nzima.

"Guga, umeambiwa na nani?"

"Senge yako amepiga kutoka Bungoma."

Senge, yaani shangazi, alipopigiwa alisema ameambiwa na mwenzake wa kanisa, naye wa kanisa akamtaja shemeji, na shemeji akasema aliyasikia kwenye matatu. Ripota alimweleza Guga yote hayo. Guga akamsikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa, akamkabidhi kikombe. Chai ilinywewa.

Tangu ahitimu, ripota huandikia gazeti kutoka mashinani. Jibu la swali la Guga ni kwamba waandishi wa aina yake hulipwa kwa habari iliyochapishwa; isiyochapishwa ni nauli ya bodaboda iliyokwenda. Ndiyo maana habari nyingi za vijijini huwa za ajali, mauaji na mazishi ya wakubwa: hizo zina hakika ya kupata nafasi. Ya mradi uliokwama huchukua wiki, na huenda ikaishia aya tatu.

Hata hivyo aliiandika moja, kuhusu jengo la umma lisiloisha karibu na kwao. Mtu wa ndani alimpa nakala ya mkataba. Ripota hakuichapisha kwanza. Aliandika barua kwa ofisi husika akitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 za kujibu, akahakikisha nakala yake imepigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lilipokuja lilikuwa na takwimu zilezile za mkataba. Habari ikatoka.

Kwenye baraza la chifu mzee mmoja alisimama akauliza aliyemwambia ni nani. Ripota alisema mambo yote yamo kwenye barua ya ofisi, akaisoma. Mzee akasema barua ameisikia; anachotaka ni jina la mtu. Mautuma ni ndogo, na nusu ya waliokuwa pale walikuwa wameshakisia majina, mengine ya watu wasiojua lolote. Ripota alikataa kuyathibitisha na akakataa pia kuyakanusha, kwa kuwa ukikanusha manne huwa umetaja la tano. Jioni Guga naye alijaribu, kwa upole, akimhakikishia kuwa siri itabaki nyumbani. Ripota akamwambia kwamba akishajua, naye ataanza kuulizwa. Guga akafikiri kidogo, kisha akauliza kama hiyo habari imeshalipwa.